Yuniti Moja Tu: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kumchoma Insulini Paka Mwenye Kisukari

Tone moja la maji lina ujazo wa karibu ml 0.05. Ligawe mara tano, na sehemu moja kati ya hizo tano ndiyo yuniti 1 ya insulini ya U-100, yaani yenye yuniti 100 ndani ya ml 1. Yuniti 1 kila baada ya saa 12 ndiyo dozi ambayo paka wengi wa kilo nne huanzia. Mtu anayechoma yuniti 20 akizidisha nusu yuniti hata hatajua. Paka wa yuniti 1 akizidishiwa nusu yuniti amepewa dozi moja na nusu.

Wengi wakiambiwa paka wao atachomwa kila siku, kinachowatisha ni sindano. Sindano ya insulini ni nyembamba sana, na paka aliyeinamia chakula chake mara nyingi hageuki hata kutazama. Kazi iko mezani, kabla hujamgusa paka: kuvuta kiasi kilekile, asubuhi na jioni, bila kukisia. Ukikosea pale, mengine yote yatakudanganya. Utabadilisha chakula, utapima sukari, utajaza daftari, kumbe unasoma matokeo ya dozi usiyoijua.

Daktari kwanza

Huku nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, daktari wa mifugo anashinda kwenye ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku. Paka wa kisukari hamwoni kila wiki. Hilo lisikukatishe tamaa, ila mpelekee taarifa zilizokamilika: paka anakunywa maji kiasi gani, anakojoa mara ngapi, amekonda tangu lini ilhali anakula vizuri, na kama miguu ya nyuma imeanza kukanyagia kisigino badala ya vidole. Mweleze pia dawa alizowahi kupewa, hasa sindano za aina ya deksamethasoni au vidonge vya predinisoloni, kwa sababu dawa hizo hupandisha sukari. Daktari akitaka kushauriana, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro ina wataalamu wa wanyama wadogo.

Usikubali kipimo kimoja cha damu kitoshe kusema paka ana kisukari. Paka aliyefungiwa kwenye mfuko na kupakiwa bodaboda kutoka Uyole hadi mjini anaweza kufika na sukari ya juu kwa sababu ya hofu tu. Ndiyo maana daktari makini atapima na mkojo, tena atasikiliza historia.

Mpime uzito. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Kama mizani ya nyumbani haisomi vizuri, omba dukani wakupimie paka akiwa ndani ya kikapu. Dozi ya kuanzia kwa paka huwa kati ya yuniti 0.25 na 0.5 kwa kila kilo ya uzito anaotakiwa kuwa nao, mara mbili kwa siku, na madaktari wengi hawavuki yuniti 2 kwa dozi moja mwanzoni hata paka awe mnene. Hesabu hiyo nimeiandika ili ukiona karatasi imeandikwa yuniti 10 ujue pa kuuliza, si ili ujipangie dozi mwenyewe.

Kabla hujatoka kwa daktari, karatasi yako iwe na mambo haya kwa maandishi, si kwa kukariri: jina kamili la insulini, nguvu yake (U-40 au U-100), aina ya bomba la sindano, idadi ya yuniti, saa za kuchoma, na namba ya sukari ambayo chini yake hutakiwi kuchoma. Mwombe aandike neno "yuniti" lote. Herufi U iliyoandikwa haraka inafanana na sifuri, na 1U ikasomwa 10.

Kichupa na bomba lazima viwe na nguvu moja

Hapa nataka usome taratibu.

Insulini ya U-100 ina yuniti 100 ndani ya ml 1. Insulini ya U-40 ina yuniti 40 ndani ya ml 1. Insulini za binadamu zinazouzwa kwenye maduka yetu ya dawa ni za U-100. Baadhi ya insulini za wanyama, kama Caninsulin na ProZinc, ni za U-40. Kila nguvu ina bomba lake, na mistari ya bomba imechorwa kwa kufuata nguvu hiyo.

Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 mpaka mstari wa 1, umevuta yuniti 2.5. Paka anayestahili moja amepata mbili na nusu, na huo ni wingi wa kumwangusha. Ukifanya kinyume, yaani insulini ya U-40 kwa bomba la U-100 mpaka mstari wa 1, umevuta yuniti 0.4 tu. Hapo hatazimia, ila sukari itabaki juu wiki baada ya wiki na kila mtu atadhani dawa haifanyi kazi.

Kifuniko cha bomba la U-40 kwa kawaida ni chekundu, na cha U-100 kina rangi ya chungwa. Rangi isikutoshe. Soma maandishi yaliyo kwenye mwili wa bomba, kisha soma kichupa, tena mbele ya muuzaji kabla hujalipa. Pakiti ya mabomba ikiisha na ukaletewa ya aina nyingine, ianze kukaguliwa upya kama vile hujawahi kununua.

Kuna madaktari wanaoelekeza insulini ya U-40 ivutwe kwa bomba la U-100 kwa makusudi, kwa sababu mistari yake inaruhusu kupima kwa udogo zaidi. Yuniti 1 ya U-40 inakuwa mistari 2.5, yuniti 2 inakuwa mistari 5, ukihesabu mistari ya yuniti nzima, si ya nusu. Ni njia halali, lakini daktari aandike zote mbili, yuniti na mistari, na karatasi hiyo ibandikwe mahali pa kuvutia dawa.

Jambo jingine la nyumbani kwetu: bibi au baba ana kisukari, kichupa kipo kwenye friji, na mtu anaona si vibaya paka akipunguziwa humo. Usifanye hivyo. Mixtard ina mchanganyiko wa insulini ya haraka na ya kati, na kwa paka hushusha sukari kwa kishindo halafu ikaisha mapema. Actrapid ni ya haraka na ni angavu kama maji. Lantus, yaani glajini, ambayo madaktari wengi huichagua kwa paka, nayo ni angavu kama maji. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Jina kwenye lebo ndilo pekee la kuliamini, na kichupa cha paka kikae kwenye kopo lake, mbali na cha bibi.

Chagua bomba jembamba

Mabomba ya insulini yapo ya ml 1, ml 0.5 na ml 0.3. Kwa paka tafuta la ml 0.3, na kama yanapatikana yenye mistari ya nusu yuniti, chukua hayo bila kusita juu ya bei. Bomba likiwa jembamba, yuniti moja inachukua nafasi ndefu zaidi, inayozidi milimita moja. Kwenye la ml 1, yuniti hiyohiyo ni kama nusu milimita. Hakuna jicho linaloweza kurudia nusu milimita kila siku mara mbili.

Hesabu mistari kabla ya kutumia. Kwenye bomba la ml 1, tazama kati ya 10 na 20. Ukikuta mistari midogo minne katikati, kila hatua ni yuniti 2, kwa hiyo yuniti 1 haina mstari wake kabisa. Ukikuta tisa, kila hatua ni yuniti 1. Kwenye la ml 0.3 tazama kati ya 5 na 10: minne maana yake yuniti nzima, tisa maana yake nusu nusu.

Mabomba ya kawaida ya ml 1 yanayouzwa maduka ya pembejeo, yale yenye sindano ya kuchomoa, yaachie kazi zake nyingine. Yamechorwa kwa mililita, sindano yake ni nene, na dawa hubaki kwenye shingo.

Peni ya insulini ni nzuri kwa wasioona vizuri, ila nyingi huruka yuniti moja moja. Zipo za nusu yuniti. Ukitumia peni, toa kwanza yuniti 2 hewani kuhakikisha dawa inatoka, ndipo uweke dozi.

Kuvuta dozi

Fanya mazoezi siku mbili tatu kwa maji kabla ya kugusa dawa. Tumia kichupa kitupu kilichooshwa na maji yenye majani kidogo ya chai ili uone rangi. Unapokuwa umeweza kuvuta yuniti 1 mara nyingi mfululizo na zote zikaonekana sawa zikilazwa pamoja, uko tayari. Mabomba na kichupa cha mazoezi vitupe baada ya hapo, visije vikachanganyika na vya dawa.

Simama au kaa penye mwanga. Asubuhi za Juni na Julai jua huchelewa kupenya ukungu, na umeme nao hukatika, kwa hiyo taa ya kichwani au tochi ya simu iwe karibu daima. Osha mikono kwa sabuni. Kisha:

1. Soma jina kwenye kichupa kwa sauti. Tazama tarehe ya mwisho na tarehe uliyoifungua.

2. Tazama dawa yenyewe. Glajini lazima iwe angavu. Ikiwa na ukungu au chembe, itupe, na usiitikise. Insulini zenye rangi kama maziwa, mfano NPH (insulini ya kati), zinageuzwa taratibu kati ya viganja mpaka rangi iwe moja chini na juu. Caninsulin ina maelekezo yake ya kuchanganya kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi. Yafuate hayo, usihamishe mazoea ya dawa nyingine.

3. Futa mpira wa mdomoni kwa pamba yenye spiriti. Subiri ukauke.

4. Vuta hewa kiasi kidogo sawa na dozi, ichome ndani ya kichupa kilichosimama wima. Kwa dozi ndogo za paka usifanye zaidi ya hapo. Presha ikizidi ndani, dawa itasukuma yenyewe.

5. Geuza kichupa juu chini, ncha ya sindano ikiwa imezama kabisa kwenye dawa. Vuta polepole kupita dozi yako, mpaka kama yuniti 5.

6. Gonga bomba kwa kucha mapovu yapande. Yarudishe ndani ya kichupa.

7. Sasa sukuma kijiti taratibu mpaka ufike kwenye mstari wako. Kila siku fika kwenye mstari kwa kusukuma, usifike kwa kuvuta. Mpira wa ndani hujikunja kidogo unapobadilisha mwelekeo, na ukifika leo kwa kuvuta na kesho kwa kusukuma, mstari ni uleule lakini dawa si ileile.

8. Soma, kisha ndipo uchomoe.

Hatua ya sita watu huiruka kwa kuwa wamesikia povu la hewa chini ya ngozi halina madhara. Ni kweli halina. Tatizo la povu ni kwamba limekalia nafasi ya dawa. Povu la upana wa milimita 2 lina ujazo wa karibu ml 0.004, ambayo ni yuniti 0.4 za U-100. Kwenye dozi ya yuniti 1, paka amekosa karibu nusu ya dawa yake, na wewe umeona mstari uko sawasawa.

Na kusoma kwenyewe kuna namna. Weka viwiko mezani ili mikono isitetemeke. Inua bomba mpaka liwe usawa wa jicho, sindano ikiangalia juu, dirisha likiwa nyuma yake. Utaona mpira mweusi una kingo mbili. Ukingo unaosomwa ni ule ulio karibu na sindano. Ule wa chini hauhusiki. Mpira ukiwa na ncha iliyochongoka, soma pale unapogusa ukuta wa bomba, si kwenye ncha. Sasa shusha kichwa kidogo, halafu kipandishe: utaona ukingo kama unahama juu na chini ya mstari ilhali hujagusa kitu. Mahali pa kusomea ni pale ambapo mstari wa mbele unafunika sehemu yake ya nyuma ya bomba ukaonekana mmoja.

Mwombe daktari, siku ya kwanza, avute dozi sahihi mbele yako, na uipige picha kwa simu kwa karibu. Kila jioni utakuwa na kitu cha kulinganishia. Macho yakiwa yamechoka, piga picha bomba lako na uikuze. Kamera ya simu inaona mistari vizuri kuliko miwani ya kusomea ya wazee wengi.

Dozi ya yuniti 1.5 kwenye bomba lisilo na nusu inapimwa katikati ya mistari miwili, na hapo ndipo mkono wa mtu mmoja unapotofautiana na wa mwingine. Kama ni lazima, mtu mmoja nyumbani ndiye avute dozi zote. Usijaribu kuongeza maji kwenye insulini ili ipimike kirahisi. Glajini haichanganywi na kitu chochote.

Kuchoma

Muite paka kwenye sahani yake, mahali palepale. Aanze kula kwanza. Mahali pazuri pa kuchoma ni ubavuni, nyuma ya bega kuelekea kiunoni, ukipishana upande: asubuhi kulia, jioni kushoto. Shingoni pale anapobebwa na mama yake ngozi ni nene na dawa huingia kwa kusuasua, kwa hiyo sipapendi.

Shika ngozi kwa vidole vitatu uiinue iwe kama hema. Gawa manyoya kwa kidole ili uone ngozi. Sindano, mdomo wake uliokatwa ukiwa juu, iingie chini ya hema hilo kwa mwelekeo unaolingana na mwili. Sukuma kijiti mpaka mwisho, hesabu tano, toa. Ukikita sindano ndefu kwenye hema dogo inaweza kutokea upande wa pili, na dawa ikaishia kwenye manyoya. Papasa baada ya kuchoma. Manyoya yakiwa na unyevu na harufu ya dawa, dozi imemwagika, yote au sehemu.

Ukikuta hivyo, usirudie. Hujui kiasi gani kimeingia, na kukosa dozi moja ni sukari ya juu kwa nusu siku, wakati kuchoma mara mbili kunaweza kumuua usiku huohuo. Andika "imemwagika" kwenye daftari, endelea na saa inayofuata kama kawaida.

Kila sindano itumike mara moja. Najua pakiti si bure. Lakini ncha hubutuka baada ya kuchoma mpira na ngozi, paka anaanza kuikimbia sahani, na kuvuta dozi ndogo kwa bomba lililolegea si kupima tena.

Saa na chakula

Saa 1 asubuhi na saa 1 jioni zinakaa vizuri kwa familia nyingi. Kuchelewa nusu saa hakuna shida. Ukichelewa sana, piga simu kwa daktari kabla ya kusogeza ratiba, na kamwe usifidie dozi iliyokosekana kwa kuongeza inayofuata.

Paka asipokula, usichome dozi nzima. Mpigie daktari. Akikataa chakula na pia anatapika, amelala tu, pumzi yake ina harufu kama ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Paka wengi wa huku hula ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa, na ugali ndio unaoshikilia sukari juu. Nyama, mayai ya kuchemsha, dagaa au usipa wa Nyasa na ini kidogo humfaa zaidi, vikichanganywa, maana samaki peke yake kila siku hamtoshelezi. Ila sikiliza: ukiondoa ugali ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kuporomoka. Badilisha chakula kidogo kidogo, daktari akijua, huku ukipima. Baadhi ya paka, hasa waliowahi kutibiwa mapema na kulishwa hivi, hufika mahali wasihitaji insulini tena kwa muda mrefu.

Kupima sukari nyumbani

Mashine ya binadamu inatumika, ukijua kwamba mara nyingi husoma chini kidogo ya sukari halisi ya paka. Damu huchukuliwa ukingoni mwa sikio. Asubuhi za baridi za Mbeya, Njombe au Makete sikio huwa la baridi na damu haitoki hata uchome mara tatu. Pasha mchele kavu kwenye sufuria, utie ndani ya soksi safi, ujaribu kwanza kwenye shavu lako usije ukamuunguza, kisha uushikilie kwenye sikio kwa dakika moja. Weka pamba nyuma ya sikio usijichome kidole. Mashine yenyewe na vijiti vyake vilale ndani. Nyingi hazifanyi kazi chini ya nyuzi joto 10 hivi na zitakuandikia kosa.

Kwa anayeanza, sukari ikiwa chini ya 11 mmol/l kabla ya sindano, zungumza na daktari kabla ya kuchoma. Katikati ya dozi mbili, kiwango cha chini kinachopendeza ni kati ya 4.5 na 8.5. Chini ya 3.5 ni hatari. Usibadilishe dozi kwa kipimo cha siku moja. Daktari hubadilisha kwa nusu yuniti, baada ya siku kadhaa za rekodi.

Kutunza dawa huku kwetu

Friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mlangoni au rafu ya katikati. Isiguse ukuta wa nyuma wala sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Kwa hiyo wa Kitulo na Makete, ambako barafu hutanda majanini asubuhi za Juni na Julai, kichupa kisilale dirishani wala ndani ya gari.

Asiye na friji ana nafuu huku kuliko aliye kwenye joto la Kyela au Usangu. Mtungi wa udongo wenye maji kidogo chini, kichupa kikiwa ndani ya kopo kavu linaloelea au lililowekwa juu ya kijiwe, pembeni pa nyumba pasipofikiwa na jua wala jiko, huipoza vya kutosha. Lantus iliyofunguliwa hukaa siku 28 chini ya nyuzi 30. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu isiyofutika. Kichupa cha ml 10 kina yuniti 1000, na paka wa yuniti 1 mara mbili anatumia kama 60 kwa mwezi, hivyo uliza kama ipo ya ml 3.

Dawa ikitumwa kwa basi kutoka Mbeya mjini, isikae juu ya dashibodi wala karibu na injini. Ifunge kwenye kitambaa ndani ya chupa ya chai yenye kichupa cha maji baridi, isiguse barafu moja kwa moja.

Sukari ikishuka

Atayumba, atatetemeka, atalia ovyo, atatafuta chakula kwa pupa, au atakaa akitazama ukuta. Baadaye degedege na kuzimia. Kama anaweza kula, mpe chakula chake mara moja. Kama hawezi, mpake asali kwenye ufizi kwa kidole, kama nusu kijiko cha chai, rudia baada ya dakika chache. Usimmiminie mdomoni, itaingia kwenye mapafu. Akiwa kwenye degedege jihadhari na meno, mpake kwenye ufizi wa nje tu. Akizinduka, mlishe, kisha daktari, hata kama anaonekana mzima, maana insulini bado iko mwilini. Dozi inayofuata isichomwe mpaka daktari aseme. Asali ikae jikoni, na mwingine ajue ilipo.

Nyumba yenye watu wengi

Mama kachoma saa 1 akaondoka sokoni. Dada wa kazi hajui, naye anachoma saa 1 na nusu. Kinga yake ni rahisi. Kila asubuhi weka mabomba mawili tu kwenye kikombe: la asubuhi na la jioni. Likiwa halipo, paka ameshachomwa. Pakiti nyingine ifungiwe. Daftari nalo liwe na tarehe, saa, alichokula, sukari, dozi, upande, na jina la aliyechoma. Mwenye shaka kama dozi ilitolewa asichome.

Msiba hauna taarifa. Simu ikipigwa usiku na mnatakiwa Tukuyu alfajiri, si wakati wa kuanza kumfundisha jirani kusoma mstari. Mfundishe mtu mmoja mapema, avute mbele yako mara kadhaa, alinganishe na picha. Kama hakuna, safiri na paka au umwache kwa daktari.

Sindano zilizotumika

Usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotoka mwilini. Hapo ndipo watu hujichoma. Ziingie moja kwa moja kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, liandikwe "sindano", liwe juu watoto wasifikie. Usizitupe jalalani wala chooni, watoto na waokota chupa huzifikia. Likifika robo tatu lifunge, lizungushie utepe wa gundi, ulipeleke kwa daktari wako wa mifugo au kituo cha afya kilicho karibu, uombe wakutupie pamoja na visanduku vyao vya sindano. Ulizia mapema, siku ya kwanza unaponunua pakiti, ili ujue nani atalipokea.